Kisima cha Meno Meupe

Katika familia yetu, ukitaka kujua nani alizaliwa kabla ya kisima na nani baada yake, usiulize cheti cha mtu. Sema jambo la kuchekesha, halafu tazama midomo. Mimi niliyetangulia nina meno ya kahawia, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Mdogo wangu wa kike, aliyezaliwa baba akiwa ameshamaliza kuchimba, ana meno meupe kiasi kwamba alipokwenda Dar kusoma wenzake walikataa katakata kwamba ni mtu wa Arusha. Tulinyonya titi moja, tukala makande ya sufuria moja. Tofauti yetu ni maji.

Aliyekulia huku hahitaji kuelezwa. Maji ya Mlima Meru hutoka mwambani yakiwa baridi, matamu na angavu, na ndani yake mna floridi isiyoonekana kwa macho. Mtoto akiyanywa tangu akiwa mdogo, meno yanaota na rangi ambayo mswaki hauitoi. Upande wa Kikwe, alikozaliwa baba, kuna wazee ambao maji hayo yamewapita meno yakaingia mpaka mifupani. Ndiyo maana mtu wa Arusha akifika kwenye maji mageni haulizi yametoka wapi. Anaangalia meno ya watoto wa mwenye maji. Hiyo ndiyo maabara yetu, na tulikuwa hatujui nyingine.

Baba alichimba nyuma ya migomba, kisima cha kamba na ndoo, si kirefu. Alipata maji ya juu juu, ya mvua iliyozama ardhini bila kukaa sana na mwamba, na kwa bahati yalikuwa na floridi kidogo. Hakulijua hilo. Alikuja kulijua pale mdogo wangu alipoota meno ya pili. Mama alimfungua mdomo pale uwanjani, akamgeuza upande wa jua, akamwita jirani naye aone. Wiki haikuisha, mtaa mzima ulikuwa kwetu na madumu.

Uwanja ule ninaukumbuka kwa masikio zaidi. Kapi la kuvutia kamba lilikuwa linalia kama bata. Ndoo ikigonga ukuta wa kisima ikishuka tupu ilikuwa na sauti yake, na ikipanda imejaa ilikuwa na sauti nyingine. Nikiwa kitandani niliweza kujua foleni imefika wapi. Wanawake walipanga madumu yao kwa zamu, wenyewe wakakaa kwenye gogo, na hapo ndipo habari za mtaa zilipopimwa na kugawanywa. Nani kaposwa, nani kafukuzwa kazi, nani kaonekana kanisani na kofia mpya wakati mumewe anasema hana nauli. Mama alikaa kwenye kibao chake karibu na mlango wa jiko akimenya ndizi, akitoa hukumu ndogondogo. Tangu baba afariki, uwanja ule ndio uliokuwa unamwamsha asubuhi.

Mama ni Mmeru wa mlimani. Huko alikokulia maji yalishuka kwa mfereji, na mfereji ulikuwa na zamu, na zamu ilikuwa na wazee wa kuilinda. Ungeweza kugombana na mtu juu ya mpaka au mbuzi, lakini zamu yake ya maji ikifika unampisha, na akiomba ya kunywa unampa hata kama mchana ule ule mlipelekana kwa mwenyekiti. Maji hayanyimwi. Mimi nauza viatu vya mitumba Sakina, kando ya barabara ya Nairobi, katikati ya mafundi magari na vumbi la mabasi. Kazi yangu ni kuhesabu kitu mara mbili kabla ya kukubali kuwa ni kimoja. Niliwahi kumshauri tutoze chochote, hata cha kununulia kamba. Akaniuliza, "Na kivuli cha migomba utawatoza, baba, au hicho ni bure?" Nikarudi kwenye viatu vyangu.

Dampo lilikuja baadaye. Juu yetu kidogo, upande wa mlimani, palikuwa na shimo kubwa lililobaki baada ya watu kuchimba moramu ya barabara. Malori yakaanza kumwaga humo taka za mjini. Hatukulipenda kwa sababu ya nzi na moshi, na karatasi za plastiki zilizokuja na upepo zikakaa juu ya ua kama nguo zilizoanikwa na mtu asiye na adabu. Lakini lilikuwa kule, sisi tulikuwa huku. Katikati palikuwa na shamba la mahindi na barabara. Hakuna aliyefikiri kwamba taka zinaweza kuvuka barabara bila kuonekana.

Kitu cha kwanza kuharibika kilikuwa chai. Mama alikuwa analetewa maziwa na mama mmoja Mwarusha aliyetoka kwake upande wa magharibi wa mlima, kibuyu begani, asubuhi hata iwe na matope. Walikuwa marafiki wa kutaniana. Mmoja alisema Wameru wanajua migomba tu na ng'ombe wamemwona kwenye picha. Mwingine alijibu kwamba Waarusha hulima kwa kumwangalia jirani. Kila alipofika alivuta ndoo mwenyewe, akanywa kata moja ya maji yetu, akasema, "Haya ndiyo yananileta. Maziwa ni kisingizio."

Basi, chai ikaanza kukatika. Maziwa yakiingia kwenye sufuria yanagawanyika, vipande juu, maji ya kijivu chini. Mara ya kwanza mama aliimwaga. Mara ya pili alinusa kibuyu. Mara ya tatu alimsubiri mwenye maziwa getini.

"Maziwa yako ya jana jioni unaniletea leo?"

"Ya leo asubuhi, mama. Ng'ombe bado ananiangalia kwa hasira."

"Basi kibuyu hukioshi."

Hilo halisemwi. Kibuyu hufukizwa kwa kijinga cha mti maalumu na kusafishwa kwa uangalifu kuliko mtoto. Kumwambia mwanamke wa Kiarusha kwamba kibuyu chake kichafu ni kama kumwambia mchungaji hajui Baba Yetu. Yule mama alichukua kibuyu chake, akaondoka bila kuvuta ndoo, na hakurudi. Mama akaanza kununua maziwa dukani. Nayo yakakatika. Akahama duka. Nikamwona anataka kugombana na ng'ombe wote wa mkoa, mmoja baada ya mwingine.

Kisha sabuni ikakataa kutoa povu. Kisha watu wakaanza kusema maji yana ladha ya sarafu, ile ukiiweka ulimini. Visima viwili vya jirani, vilivyokuwa karibu zaidi na dampo, vikaanza kunuka. Mwenyekiti wa mtaa akapeleka malalamiko, na siku moja ikaja gari na dada mmoja mtaalamu wa maji ya ardhini, na boksi la barafu lililojaa chupa tupu.

Alisalimia vizuri. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Alipoomba kuchukua sampuli, mama alicheka. Kwa heshima, lakini alicheka.

"Umechelewa. Maji haya yalishapimwa," akasema, akamwita mtoto wa jirani aliyekuwa kwenye foleni. "Njoo hapa. Fungua mdomo. Umeona? Na wewe, mama nanihii, cheka. Cheka tu, si kosa."

Ikawa kama gwaride. Watu wakajipanga wakaonyesha meno. Mmoja alimwonyesha hata meno ya mbuzi wake. Mimi nikaambiwa nifunge mdomo, nisiharibu ushahidi. Yule dada akatazama yote kwa utulivu, akapiga hata makofi, halafu naye akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu ashuke garini. Meno yake yalikuwa ya kahawia kuliko yangu.

"Nimekulia Momela, mama," akasema. "Floridi nimeizoea, tumelala nyumba moja. Leo sikuifuata hiyo. Meno yanakwambia kitu kimoja tu kuhusu maji. Mengine hayayajui."

Mama akamwachia kamba.

Majibu yalipotoka aliyaleta mwenyewe, akakaa kwenye gogo pamoja na watu. Alisema maji ya kisima chetu yamejaa chumvichumvi na aina za uchafu ambazo mvua haiwezi kuyapa. Vitu vinavyotoka kwenye taka zikioza na mvua ikapita ndani yake. Lakini alitaka kuwa na hakika yanatoka dampo na si kwenye vyoo vyetu, maana vyoo navyo vina historia. Kwa hiyo akaomba kutoboa visima vyembamba vya kupimia, vya upana wa bomba tu: kimoja juu ya dampo, vingine kati ya dampo na sisi, na vitatu kwenye migomba ya mama.

"Vitatu?" mama akauliza. "Hapa naoza meno mangapi mpaka ning'olewe matatu?"

Hapo nikaona pa kuingilia. Bei ya kwanza haikubaliwi, hata kama ni ya mashimo. Nikasema kimoja. Yule dada akasema vitatu. Nikasema shamba dogo, mgomba ni kama mtoto, kimoja na nusu. Akaniuliza nusu ya shimo inatobolewaje. Tukafika viwili, nikampa na mkono, nikajisikia nimeshinda. Mwaka uliofuata nilipata habari kwamba alikuwa anahitaji viwili.

Ndani ya mabomba yale alishusha kamba yenye alama, akapima maji yako kina gani kila sehemu, msimu wa mvua na wa kiangazi. Akatuchorea mchangani kwa kijiti. Maji ya chini hayakai kama ya kwenye pipa, alisema. Yanatembea polepole, yakifuata mteremko kutoka mlimani kwenda bondeni. Juu ya dampo maji yalikuwa mazuri. Chini yake yaliharibika, na kadiri ulivyoteremka kuja kwetu ndivyo ulivyoweza kuufuata uchafu kama mtu anayefuata nyayo.

Mama aliutazama mchoro muda mrefu. "Kumbe ni mfereji," akasema. "Dampo limejichimbia mfereji mpaka kwangu, na halikuomba zamu."

"Ndivyo, mama."

Halafu ukaja mnada ambao sijawahi kuuona hata Sakina siku ya kufungua robota la viatu.

"Nikiyachemsha?"

"Ukichemsha unapunguza maji, mama. Uchafu huu unabaki."

"Nikiyapitisha kwenye ndoo ya mkaa wa mifupa?"

"Ile inashika floridi. Haya mengine usiitegemee."

"Ya chai tu. Kikombe kimoja asubuhi."

"Hapana."

"Kupikia? Maharage hayana maneno."

"Hapana, mama."

"Kuoga?"

"Bora usioge."

"Migomba?"

"Subiri nipime kwanza."

"Kwa hiyo yanafaa nini?"

Yule dada akafikiri kwa haki. "Kufyatulia matofali."

Mama akanigeukia mimi, bingwa wa kupunguziwa bei. Nikaangalia chini. Sijawahi kuona mteja anashuka kote kule na bei inabaki pale pale.

Kilichomuuma hakikuwa kiu. Boza la maji lilianza kuja, madumu yakajazwa, tukaishi. Kilichomuuma ni kwamba aliambiwa awanyime watu maji. Yule dada alimletea mfuniko wa bati na rangi nyekundu ya kuandika USINYWE. Mama aliandika. Lakini mtu akija na ndoo akasema, "Mama, tangu nizaliwe nayanywa," mama alishindwa kunyanyua mkono. Aligeuka akaingia ndani ili asione. Nikamwambia, "Mama, utawaua kwa adabu." Akasema, "Na wewe njoo uwanyime, una moyo wa mitumba." Nikasimama siku moja pale kisimani. Wanawake walinitazama kama mlinzi wa benki, wakanizunguka, wakavuta. Mmoja akanipa ndoo nimsaidie kumtwisha, nikamtwisha.

Kuhusu maziwa, mama hakuambiwa na mtu. Alilijua mwenyewe, asubuhi alipopika chai kwa maji ya boza na maziwa ya dukani yakatulia kama yaliyofundwa. Alikaa na kile kikombe bila kukinywa. Kisha akamtuma mtu wa bodaboda upande wa magharibi na ujumbe mfupi: njoo, kosa ni langu.

Yule mama wa maziwa alikuja baada ya siku kadhaa, mchana, jua kali. Kibuyu alikuwa nacho, lakini amekifunga. Watu walikuwepo uwanjani kama kawaida, ndoo zao zikiwa kwenye foleni mbele ya maandishi mekundu. Alisalimia wote, akaenda moja kwa moja kisimani, akashika kamba.

"Nipishe ninywe kwanza," akasema, "ndiyo niusikie huo msamaha wako."

Boza halikuwa limefika siku hiyo. Ndani hatukuwa na tone la maji baridi la kumpa. Nilimwona mama anasimama kwenye kibao chake, na nikajua kitakachokuja, kwa sababu uso wake ulikuwa kama wa siku ya kumzika baba. Akatembea mpaka kisimani, akaweka mkono wake juu ya mkono wa mwenzake, ule ulioshika kamba.

"Hunywi," akasema.

Yule mama akaiachia kamba kama imemuunguza.

"Umeniita kutoka kwangu uje uninyime maji mbele ya watu?"

"Nimekuita nikuombe radhi. Kibuyu chako hakikuwa na kosa, ni kisima. Ulikuwa unaninywesha kila siku maziwa mazuri na mimi nakutukana. Hunywi kwa sababu sitaki ufe, una mdomo mrefu lakini nimekuzoea."

Yule mama wa maziwa hakucheka. "Maneno," akasema.

"Basi fungua kibuyu."

Chupa ya chai ilikuwa na maji ya moto ya boza yaliyobaki tangu asubuhi, kidogo, ya kutosha kikombe. Mama akayamimina kwenye sufuria ndogo, akayarudisha motoni. Kwenye sufuria ya pili akaweka maji ya kisima, kiasi kile kile. Yalipochemka yote mawili, mwenye maziwa akamimina mwenyewe kutoka kibuyu kimoja. Watu walikuwa wameinama juu ya jiko mpaka hewa ikakosekana. Sufuria ya kwanza ikawa nyeupe, tulivu. Ya pili ikakatika palepale, vipande vikapanda juu, na chini pakabaki kile kimaji cha kijivu nilichokuwa nimekizoea.

Mwenye maziwa aliikodolea macho ile sufuria. Kisha akasema, polepole, "Na mimi nilimchapa yule ng'ombe."

Ndipo walipocheka, wote wawili, mpaka mama akashikilia ukuta. Ile sufuria nzuri wakagawana, nusu kikombe kwa nusu kikombe. Na nyuma yao, bila mtu kusema neno, mwanamke wa kwanza kwenye foleni akachukua ndoo yake tupu. Halafu wa pili. Sijui maandishi mekundu yalikosa nini ambacho sufuria mbili zilikuwa nacho, lakini siku ile foleni ilivunjika. Mtaalamu tulipomsimulia alifurahi, ila alituonya: maziwa yakikatika ni chumvi imezidi tu, na kisima kisichokata maziwa kinaweza bado kuwa kibaya, kwa hiyo tusije tukahama kutoka kwenye meno tukahamia kwenye maziwa. Mama akasema amesikia. Nafikiri alisikia nusu.

Kazi ya kusafisha ni ndefu, na haina sherehe. Kule juu walifunika sehemu ya zamani ya dampo kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ili mvua isipite tena ndani ya taka, wakachimba mtaro wa kukusanya yale maji meusi na kuyapeleka kwenye bwawa lililotandikwa plastiki nene. Kisima chetu kilikuwa kimepangiwa kujazwa zege. Mama alisema kisima kilichochimbwa na mumewe hakizikwi wakati yeye yupo hai. Nilijiandaa kwa mabishano marefu, lakini yule dada alikuwa na wazo lake: kisima kimekaa katikati kabisa ya njia ya uchafu, kwa hiyo kiwekewe pampu, kivute maji yale mabaya yakasafishwe kwenye matenki kabla hayajafika kwa walio chini yetu. Kitavutwa kila siku, ila hakitanywewa. Mama akauliza mara mbili kama ni kweli kitakuwa kinawasaidia wa bondeni. Alipoambiwa ni kweli, akatoa ruhusa, na safari hii sikuombwa kujadili bei. Uchafu unapungua, pole pole kama maji yenyewe yanavyotembea. Kunywa bado.

Kapi waliling'oa. Badala yake kuna mngurumo mdogo wa pampu, na mpaka leo, usiku wala mchana, sijauzoea. Kwenye kona ya barabara wakaleta kioski cha maji ya bomba, na watu wote wakahamia huko.

Jumapili ya kwanza baada ya kioski kufunguliwa nilirudi kutoka kanisani, nikakuta uwanja umefagiwa na hakuna aliyeukanyaga. Hata alama ya ndoo moja. Mistari ya ufagio ilikuwa bado mizima kutoka mlangoni mpaka kwenye gogo. Nilisimama pale nikaona jinsi ulivyokuwa mkubwa, na sikuwahi kujua kwamba tuna uwanja mkubwa hivyo. Mama hakuwepo. Kibao chake hakikuwepo.

Nilimkuta kioskini, amekaa kando ya foleni, hana ndoo wala dumu. Muuza maji alikuwa ameshamlalamikia mara moja kwamba anaziba njia, na yeye alikuwa ameshamwelekeza namna ya kupanga watu wenye watoto mgongoni mbele.

"Mama, chakula kinapoa," nikamwambia. "Unafanya nini hapa, na madumu nyumbani yamejaa?"

"Maji ninayo," akasema. "Sogea, umemkinga huyu. Alikuwa ananieleza mtoto wake alivyokataa posa."

Yule mwanamke akaanza upya tangu mwanzo, kwa faida yangu. Nikatafuta pa kukaa.